Uso wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kike alizaliwa kambini kwetu, kwenye shamba la kahawa kule Oldeani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati wa baridi. Mimi nilikuwa nje na baba. Tulisikia mtoto analia, halafu wanawake waliokuwa chumbani wakanyamaza wote kwa pamoja. Baba aliniambia nibaki pale nilipo, akaingia. Alipotoka alikuwa amembeba mwenyewe, jambo ambalo wanaume wa kambi hawakulifanya siku zile, akainama ili nimwone. Mtoto alikuwa mweupe, nywele zake rangi ya nyuzi za hindi bichi, na macho aliyafinya ingawa asubuhi ile ilikuwa na ukungu mzito ulioshuka kutoka ukingo wa Ngorongoro.

"Huyu ni mdogo wako," baba alisema. "Mwangalie vizuri, asije mtu akakwambia ni kitu kingine."

Siku zile tulisema zeruzeru, hatukuwa na neno lingine. Wapo waliolitaja kama wanavyotaja ugonjwa, na wapo waliotema mate pembeni baada ya kulitaja. Mama alilia siku chache, kisha akaacha, kwa sababu msimu wa kuchuma ulikuwa umefika na msimamizi hakuwa mtu wa kusubiri machozi ya mtu. Mwanzoni alimbeba mgongoni, akamfunika khanga mpaka kichwani, akachuma naye chini ya migrevilia, miti ya kivuli ya shambani. Mtoto alipoanza kula uji, ikaonekana ni heri abaki nyumbani. Baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye vitanda vya kukaushia kahawa. Alirudi nyumbani wakati mama anatoka, wakapokezana mtoto mlangoni. Ndivyo asubuhi za mdogo wangu zilivyokuwa za baba.

Watu wa nyanda zetu huwapaka watoto mafuta. Upepo wa kule ni wa baridi na mkavu, unapasua mashavu na midomo. Bibi yangu mzaa mama, aliyekaa Ganako, alikuwa akituletea samli kwenye kibuyu kila alipokuja kutuona. Mimi nilipakwa kidogo, harakaharaka, kama watoto wote. Mdogo wangu alipakwa na baba kwa vidole viwili, polepole, paji la uso, pua, mashavu, kidevu, mpaka uso ukang'aa. Kisha baba alitandika ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba, mahali ambapo jua lilifika mapema, akamlaza hapo apate joto. Yeye mwenyewe alikaa pembeni, macho yakiwa mekundu kwa usingizi, akimfukuzia nzi.

Mchana mtoto alikuwa mwekundu. Jioni alilia akiguswa. Kesho yake ngozi ya pua ilikuwa imetoka malengelenge. Baba alisema ni upepo, akaongeza samli. Hakuna mtu kambini aliyemwambia vinginevyo, kwa kuwa hakuna aliyejua. Tulikuwa tumesikia juu ya watu kama yeye, lakini hakuna aliyewahi kulea mmoja.

Alipofikia umri wa kukimbia na watoto wenzake, uso wake ulikuwa na historia tayari. Juu ya mashavu kulikuwa na madoa ya kahawia kama mbegu zilizomwagwa. Mdomo wa chini haukuwa umepona sawasawa hata siku moja. Tabibu wa zahanati ya shamba alimpaka dawa ya zambarau, watoto wakamcheka, naye akarudi nyumbani akajificha nyuma ya pipa la maji. Baba alimkuta pale akakaa naye chini mpaka mama aliporudi kutoka shambani.

Kulikuwa na sista mmoja wa misheni, muuguzi, mtu mzima, aliyekuja kambini mara moja moja kupima watoto na kuchanja. Siku moja mama alikuwa shambani, kwa hiyo baba ndiye aliyempeleka mdogo wangu, nami nikawafuata. Baba alisimama kwenye foleni ya wanawake tu, kofia mkononi. Zamu yake ilipofika, sista hakumweka mtoto kwenye mizani. Alimshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku, halafu akajinusa vidole.

"Mzee, unampaka mafuta haya asubuhi?"

"Ndiyo, sista. Kila siku. Sijawahi kuruka."

"Basi acha. Anakaangika."

Sista alimweleza kwamba katika ngozi ya mtoto huyu imekosekana ile rangi ambayo kwetu sisi inafanya kazi ya mwavuli, na kwamba jua linapita moja kwa moja hadi ndani. Alimweleza kwamba hata siku ya mawingu jua lipo, tena huku juu milimani lina nguvu kuliko huko bondeni ambako watu wanalilalamikia. Alimpa kopo dogo la dawa nzito nyeupe, zinki, na akamwagiza ampake kila anapotoka nje. Kofia yenye ukingo mpana. Mikono mirefu. Kivuli. Alisema maneno hayo machache kisha akaita mtoto anayefuata.

Tulirudi nyumbani. Baba alikiondoa kibuyu cha samli kwenye rafu ya chumbani akakipeleka jikoni, akamwambia mama ni cha kupikia. Kisha akalala, lakini niliona macho yake yako wazi.

Kuanzia hapo baba alianza kujifunza uso wa mdogo wangu kama watu wengine wanavyojifunza shamba. Hakuna aliyemwandikia cha kufanya. Alijaribu, akakosea, akarekebisha. Alianza kwa maji ya moto, kwa sababu asubuhi zetu zina baridi ya kuuma, akaona ngozi inakauka na kuvutika, akahamia maji ya baridi yaliyopunguzwa makali tu. Sabuni ya mche ilimwasha, ikabaki ya nguo. Tulipopata sabuni ya kuogea alimwekea yeye peke yake, na kipande kikiisha alimwosha kwa maji matupu, akasema afadhali maji matupu kuliko kumchubua. Alichana khanga kuukuu ya mama, laini kwa kufuliwa, akaichemsha, na kwayo alimkausha kwa kumgusagusa, bila kusugua. Ole wako ufutie kitambaa kile kitu kingine.

Kisha ile nyeupe. Pua kwanza, halafu mifupa ya mashavu, paji la uso, mdomo wa chini. Baada ya majuma kadhaa masikio yakaungua, kwa sababu hakuna aliyeyafikiria, naye akaongeza masikio na shingo ya nyuma. Jioni alimwosha ile dawa itoke, akampaka mafuta ya mgando kiasi kidogo, jua likiwa limeshazama, hayo sista alikuwa ameyaruhusu. Na kabla ya kwenda kazini alimsimamisha mlangoni penye mwanga, akamshika kidevu kama sista alivyofanya, akaupitia uso wote kwa kidole. Alijua kila doa. Alijua lipi la zamani na lipi jipya.

Kofia aliishona mwenyewe. Alichukua kofia yake ya zamani, akaizungushia ukingo wa gunia la kahawa uliokunjwa mara mbili, akaweka kitambaa laini ndani. Ilikuwa mbaya kutazama. Mdogo wangu alionekana kama uyoga. Lakini madoa mapya yalipungua, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukapona.

Alipoanza shule baba alikwenda kuzungumza na mwalimu mkuu. Sikuwapo, ila najua walikubaliana asikimbie mchakamchaka baada ya jua kutoka, na wakati wenzake wanalima shamba la shule yeye afagie darasa na kupanga madawati. Wapo waliosema anadekezwa. Mwalimu mmoja alimvua kofia darasani, akidai ni utovu wa nidhamu, akamsimamisha nje mpaka kengele. Baba alikwenda shuleni siku ile ile, bado hajalala. Sijui alimwambia nini yule mwalimu. Kofia haikuvuliwa tena.

Halafu ikaja ile miaka ya uhaba, baada ya vita, ambapo duka la kijiji lilikuwa na rafu tupu na muuzaji. Sabuni ilipotea, mafuta ya mgando yakapotea, na zahanati haikuwa na zinki. Baba alikwangua kopo la mwisho kwa kijiti mpaka bati likang'aa. Alimweka mdogo wangu ndani mchana kutwa, lakini mtoto hakai ndani milele.

Siku ya mnada tulikwenda naye Karatu. Kulikuwa na mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa ameshuka kutoka upande wa Ngorongoro na watu wake waliokuja kuuza mbuzi. Alimwona mdogo wangu chini ya ile kofia, akamsogelea. Mama yetu alitaka kumvuta mtoto, akidhani ni walewale wa kutema mate. Yule mama alimgusa shavu kwa mgongo wa mkono, akauliza kwa Kiswahili cha shida kwa nini hapakwi. Baba alimweleza kwamba dawa imekwisha. Mama yule akafungua kifundo kwenye nguo yake akatoa bonge la udongo mwekundu, ule wanaojipaka wao, akampa baba mkononi. Alionyesha juu kwenye jua, kisha akajionyesha paji lake la uso.

Baba alikaa na lile bonge siku nzima akilitazama. Wao huchanganya na mafuta, na mafuta yeye alikuwa ameapa kutompaka mchana. Alianza kwa maji, udongo ukakauka na kupasuka kama matope ya barabarani. Alijaribu na uji mwepesi, nzi wakaja. Mwishowe alitia mafuta kidogo sana, akampaka kwanza mkononi, siku ya mawingu, akasubiri. Siku iliyofuata akapaka tena palepale. Mkono haukuungua. Ndipo akampaka usoni.

Mdogo wangu alijitazama kwenye kioo cha mama kwa muda mrefu. Alikuwa mwekundu wa damu ya mzee, macho yake ya rangi hafifu yametokeza katikati.

"Leo mimi morani," alisema.

Alitembea kambi nzima siku ile akiwa na kijiti begani, na watoto waliomcheka akiwa mweupe walimfuata nyuma kwa mstari. Namkumbuka baba alivyocheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mabega tu, bila sauti, na mabega yalitikisika mpaka akalazimika kukaa.

Alipomaliza darasa la saba tulimpeleka kwa mama mmoja wa Karatu mwenye cherehani akajifunze kushona. Ilikuwa kazi ya ndani, na macho yake ambayo hayakuona mbali yaliona sindano vizuri akiinama karibu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwalimu pale pale Karatu, kwa hiyo alikaa kwangu. Uso alijitunza mwenyewe sasa. Kila asubuhi niliamka nikamsikia anamwaga maji kwenye beseni, kimya kidogo, kisha sauti ya kitambaa kinakamuliwa. Alishona kofia zake mwenyewe, nzuri, zenye utepe, hata wanawake wa mjini wakaanza kuziulizia. Alikuwa anacheka sana. Alipenda redio. Alikuwa na kijana mmoja, dereva wa watalii, aliyekuja kushonewa suruali ambazo hazikuwa zimechanika.

Kila tulipokwenda Oldeani kuwasalimia wazazi, jambo la kwanza baba alilofanya, kabla hata ya kuulizana habari, ni kumshika kidevu na kumgeuzia mlangoni. Mdogo wangu alikuwa msichana mkubwa na alisimama kimya, amefumba macho, akisubiri amalize.

Safari moja baba hakumaliza haraka. Kidole chake kilisimama pembeni ya jicho la kushoto, karibu na nywele.

"Hiki kina muda gani?"

Mdogo wangu alisema ni kidonda kidogo tu, kinatoka damu anapojikausha, kisha kinafunga. Nami nilikuwa nimekiona na nikadhani kitapona. Baba aliuliza kama kinapofunga kinapona, au kinafunga tu. Hatukuelewa tofauti. Yeye aliielewa. Hakulala asubuhi ile. Alivaa koti akatuambia tuondoke.

Kwenye hospitali ya misheni walikikata, wakamshona nyuzi chache, tukarudi. Kwa muda mambo yalikaa vizuri. Yule dereva alileta matunda, akakaa sebuleni kwangu akiwa ameshika magoti. Halafu kidonda kikarudi palepale, kipana zaidi, na chini ya sikio kukatokea uvimbe mgumu kama kokwa. Yule dereva aliendelea kuja, kisha akaja mara chache, kisha tukasikia amehamia Arusha. Mdogo wangu hakumtaja tena.

Walituandikia kwenda hospitali ya rufaa. Tulikwenda watatu, baba, yeye na mimi, kwa basi lililovunja mifupa mpaka Makuyuni. Njiani alikaa upande usio na jua, na basi lilipokata kona baba alimwambia abadilishane naye kiti, kisha wakabadilishana tena.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Alimpima mdogo wangu kwa muda mrefu, kisha akamwomba akapumzike kwenye benchi la nje, akatubakisha baba na mimi. Alisema ni saratani ya ngozi, kwamba ugonjwa umeshaingia ndani, umefika kwenye shingo, na kisu hakiwezi kuufuata wote. Alituambia juu ya matibabu ya Dar es Salaam ambayo pengine yangempa muda kidogo, naye hakuficha kwamba ni kidogo. Nilikuwa nikiuliza maswali ya mwalimu, juu ya hili na lile, baba akanigusa mkono ninyamaze.

"Daktari, nini kimemfanya hivi?"

"Jua, mzee."

"Mimi nimemkinga na jua. Muulize huyu. Kofia, dawa, kila siku."

"Naona amekingwa. Uso wake unaonyesha. Ndiyo maana amefika umri huu." Daktari aliweka kalamu chini. "Lakini hii huanza mapema sana, mtoto akiwa mdogo. Huingia wakati ule, ikakaa miaka bila kuonekana."

Baba alitazama mikono yake.

"Akiwa mdogo nilimpaka samli," alisema. "Nikamlaza juani apate joto."

Daktari akasema, "Hukujua, mzee."

"Sikujua."

Alilirudia neno lile kwenye basi, tulipokuwa tunapanda kutoka Mto wa Mbu, kwa sauti ya chini, akitazama dirishani. Mdogo wangu alimuuliza, "Hukujua nini, baba?" Akasema hakujua kwamba njia hii ni ndefu hivi.

Dar es Salaam hakutaka kwenda. Alituuliza waziwazi kama angepona, na hakuna kati yetu aliyeweza kumdanganya, kwa hiyo akaomba kurudi Oldeani. Niliomba ruhusa shuleni nikaenda kukaa nao. Baba alikuwa ameacha ulinzi, amezeeka, na asubuhi za mdogo wangu zikarudi kuwa zake.

Uso ule sasa ulikuwa kazi nyingine. Upande wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka jicho limefungwa. Baba alichemsha maji yenye chumvi, akayaacha yapoe, akasafisha kidonda kwa pamba, akabadilisha bandeji ambazo mama alikuwa amezifua na kuzianika moshini. Ule upande mwingine, uliobaki mzima, aliuosha kama zamani, maji ya baridi yaliyopunguzwa makali, kitambaa cha kugusagusa. Kulikuwa na harufu, na mdogo wangu aliionea aibu. Baba alimwinamia karibu kuliko ilivyohitajika, akavuta pumzi kama mtu asiyenusa chochote.

Asubuhi moja alipomaliza kumkausha alichukua kopo la zinki, ambayo wakati huo ilikuwa inapatikana tena. Mdogo wangu akamshika mkono.

"Baba, leo acha ile nyeupe. Siendi popote."

Baba alibaki na kopo mkononi. Mama akatoka nje. Mdogo wangu alikuwa bado amemshika.

"Nataka kukaa juani," alisema. "Kidogo tu. Bila kofia. Nyie wote mnakaa."

Nilidhani angekataa. Maisha yake yote alikuwa amemkataza. Alifunga kopo, akaliweka rafuni, akamnyanyua, na hakuwa mzito tena. Tulimtandikia ngozi ya ng'ombe mbele ya nyumba. Ukungu ulikuwa umeshapanda, kahawa ilikuwa inang'aa, na jua lilikuwa lile la kwetu, kali katikati ya baridi. Baba alimkalisha akimwegemeza kifuani. Mdogo wangu aliinua uso, akafumba lile jicho moja.

Alikaa hivyo kitambo. Kisha akasema kwamba lina joto zuri, na kwamba sasa anaelewa kwa nini ng'ombe hupenda kusimama tu. Baba alisema ndiyo. Mikono yake ilikuwa imejikunja magotini, naye alijizuia asiiinue kumfunika.

Alifariki katika majuma yaliyofuata, alasiri, mama akimwimbia wimbo wa kanisani kwa Kiiraqw. Hakuwa amefikisha miaka ishirini.

Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Walikuja wa kambini, wa Karatu, wateja wa kofia zake, wa Ganako waliokuwa ndugu. Wakaja pia watu ambao hatukuwajua, na haikuchukua muda kuelewa walichofuata. Ilikuwa ikisemwa, na wengine wanaisema hata leo, kwamba zeruzeru hafi, anapotea tu. Walikuja kuona kama ni kweli kuna maiti. Mama aliwasikia wakinong'ona karibu na pipa la maji, akanijia, akataka niwafukuze. Nilimwambia baba.

Baba alifikiri, kisha akasema jeneza lisifungwe. Liwekwe uani, kifuniko pembeni, watu wapite. "Wamwone," alisema. "Alikuwa mtu."

Asubuhi ile alikuwa amemwosha uso mwenyewe. Wanawake walitaka kuifanya kazi hiyo kama ilivyo desturi, akawaomba wamwachie uso tu, nao wakamwachia.

Basi jeneza likawekwa uani, chini ya kivuli cha paa, watu wakapita. Wageni wale walipita polepole, wakatazama, wakatoka wakiwa wameinamisha vichwa. Mwinjilisti akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu, na jua likapanda juu ya nyumba, na kile kivuli kikaanza kurudi nyuma. Niliona mwanga umefika kwenye ukingo wa jeneza. Ukagusa nywele zake. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele pamoja na wazee. Aliinuka katikati ya somo, akapita mbele ya mwinjilisti, akasimama upande wa jua, kichwa wazi, mpaka kivuli cha mwili wake kikamfunika uso. Mzee mmoja alimvuta koti kumwambia akae. Hakukaa. Mwinjilisti alisita, akaendelea kusoma. Kila jua liliposogea, baba alisogea.

Hapo ndipo mama alipolia kwa sauti, na nadhani ndipo watu wote walipolia, hata wale waliokuja kuchungulia.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuwa mtu wa kulalamika, kwa hiyo watu walidhani amepoa. Mimi nilijua hajapoa kwa jinsi alivyoacha kabisa kuota jua asubuhi, kama wazee wenzake wanavyofanya kule kwenye baridi. Alikaa ndani, mlango umefungwa nusu. Samli hakuila tena. Mama aliinunua akaificha, akapikia alipokuwa hayupo.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa kwao likizo, akaja mwanamke kijana kutoka Ganako na mtoto mgongoni. Alikuwa ameelekezwa na watu. Alipomfungua mtoto sikuhitaji kuuliza amefuata nini. Nywele zilikuwa za rangi ileile. Nikamwita baba, naye akaja mpaka mlango wa chumba, akamwona mtoto, akarudi ndani. Mwanamke alinitazama, hajui amekosea wapi. Nilianza kumweleza mimi, nikijikwaa, masikio, shingo, maji yasiwe ya moto, baba akatoka tena akaja kukaa kwenye kigoda.

Hakumgusa mtoto. Aliongea akitazama sakafu, neno kwa neno, bila haraka, tangu maji ya asubuhi mpaka kidole cha jioni. Alimwambia anunue kopo lipi na alipake wapi. Alimwambia aende shuleni kabla mtoto hajaanza, asingoje tatizo litokee. Alimwambia siku ya mawingu asidanganyike. Mwanamke alikuwa anaitikia kila kitu. Kisha nikajua anakaribia swali ambalo hakutaka kuliuliza.

"Umeshaanza kumpaka mafuta?"

"Ndiyo, baba. Samli. Mama mkwe alileta."

"Na nje mnamtoa?"

"Asubuhi tu. Apate joto."

Baba alifunika uso kwa mikono yake miwili. Alikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kulia na mwanamke akamnyonyesha. Alipoondoa mikono sauti yake ilikuwa ya kawaida. Alimwambia aache leo hii, asingoje kesho, na akifika nyumbani amwambie mama mkwe kwamba ni mzee wa Oldeani amesema.

Mwanamke alishukuru, akamfunga mtoto mgongoni, nami nikamfunika khanga mpaka kichwani kabla hajatoka. Baada ya mwaka mmoja au miwili nilisikia kwamba familia ile ilihamia upande wa Mbulu. Nimeulizia mara kadhaa, kwa wafanyabiashara, kwa walimu waliohamishiwa huko, na sijapata mtu anayewajua. Baba naye alikuwa akiniuliza kila nilipokwenda kumsalimia kama nimesikia lolote. Nilimwambia bado. Alitikisa kichwa, akasema labda safari ijayo.